Wifi Yangu Aliniazima Ulimi

Mliniacha nimesimama mbele ya wanunuzi, kijiko mkononi, jasho likinitiririka kama niliyemwagiwa ndoo ya maji. Basi bado nimesimama hapohapo. Wiki nzima imepita na sijapata pa kukaa.

Aliyechelewa kuingia asihangaike, nitamvutia kiti. Mimi ni mwonjaji mkuu wa chai kiwandani kwetu. Wenzangu wananiita Mama Ulimi, nami jina hilo nililipenda. Chai haitiwi kwenye magunia ya daraja la kwanza mpaka niivute kwa kijiko, niizungushe mdomoni, niiteme kwenye ndoo na kusema neno. Nikishasema, nimesema.

Kisha umri ukanifikia. Siku zangu za mwezi zikakatika, na hazikuondoka hivihivi. Ziliondoka na usingizi, zikaondoka na subira, mwisho zikaondoka na ladha. Naamka asubuhi ulimi unawaka, mdomo una ladha ya sarafu. Siku nyingine ladha hurudi kidogo, huchungulia, kisha huondoka tena kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nilikwenda kwa daktari, msichana wa umri wa binti yangu. Akaniambia, "Mama, hiyo ni kawaida. Inakuja na kwenda. Kunywa maji, pata usingizi." Kawaida. Hata kifo ni kawaida, lakini watu wanalia.

Mtu niliyemweleza habari za ulimi alikuwa mmoja tu: wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi pale, nikamfundisha kuonja, nikamfanya msaidizi wangu. Kwa utaratibu wetu msaidizi hutangulia mezani. Anapita kikombe kwa kikombe akionja kama chai imeiva na joto lake linafaa, anagonga kijiko ukingoni kukung'uta matone, ndipo mkuu afuate nyuma.

Wifi akaniambia, "Usihangaike, wifi yangu. Nikigonga mara moja, ni safi. Nikigonga mara mbili, ina kasoro."

Ikawa hivyo. Karibu mwaka mzima niliishi kwa ulimi wa kuazima, na hakuna aliyejua.

Hadi siku ile ya wanunuzi. Wifi aligonga mara moja, nami nikasema, "Daraja la kwanza." Mnunuzi mkubwa akavuta kijiko chake, akakunja uso, akatema, akajifuta midomo. "Mama," akasema kwa upole, "hii imeungua. Ina moshi."

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa nifuateni ofisini kwa Meneja.

Meneja wetu ni kijana mpole, anazungumza kama anaogopa kumwamsha mtoto. Alinikaribisha kiti, akafunga mlango, akazima feni ili tusikilizane vizuri. Kwa mwanamke wa hali yangu, kuzimiwa feni ni adhabu kabla ya hukumu.

"Mama, hakuna anayetaka kukuaibisha," akaanza. "Umetutumikia kwa uaminifu. Ulikuwa nguzo ya kiwanda."

Sifa za namna hiyo husomwa msibani. Nikajua nimeshazikwa, kilichobaki ni kutiwa udongo.

"Ni kikombe kimoja," nikamwambia.

"Si kikombe, mama, ni afya yako. Tunajua hulali. Tunajua unaamka usiku shuka limelowa mpaka unabadilisha nguo. Tunajua kuna siku unalia bila sababu."

Uso uliniwaka moto, na safari hii haukuwa ule moto wa umri. Habari za shuka hakuna mtu kazini aliyezijua. Hata wifi sikuwa nimemwambia ya shuka.

"Nani kawaambia?"

Alizungusha kalamu mezani. "Mtu anayekupenda."

"Nani?"

"Mzee alikuja hapa mwezi uliopita. Mumeo."

Nataka mnielewe. Mume wangu hajawahi kukanyaga ofisi ile hata siku niliyotunukiwa tuzo ya mfanyakazi bora. Siku hiyo alisema ana mafua. Sasa amekuja kwa miguu yake mwenyewe, bila mafua, kumsimulia kijana wa watu habari za shuka langu.

"Alitaka nini?"

"Aliomba tukupumzishe kwa heshima. Alisema wewe mwenyewe unaona aibu kuomba."

"Na kiti changu?"

"Wifi yako yupo, umemfundisha mwenyewe. Na ile kasoro siku ile yeye aliiona, mama. Alinieleza. Aliona haya tu kukukosoa mbele ya wageni, wewe ni mkubwa wake."

Aliiona? Sikio langu halina ugonjwa. Kijiko kiligongwa mara moja, kikalia vizuri, na baada ya hapo kimya. Kama aliiona, basi alinitosa makusudi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema utafanya nini kikiwa ndani ya nguo pamoja na mumeo.

"Nataka kupimwa," nikasema.

"Mama?"

"Nipangie vikombe kama unavyompangia mtu anayeomba kazi. Chai ya asubuhi hiyohiyo, hakuna aliyeionja. Nikishindwa, nitavua aproni mwenyewe, hamtanisukuma."

Alifikiri kidogo. "Hapa wanaojua kuonja ni nyinyi wawili tu. Majibu ya kukulinganisha nayo itabidi yawe ya wifi yako."

"Na yawe ya wifi yangu," nikasema, maana nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hukubali lolote.

"Basi Ijumaa."

Akawasha feni, nami nikatoka.

Nyumbani nilimkuta mume wangu mahali pake. Tangu astaafu ukarani ana kiti chake, gazeti lake na paka wake, na kati ya hao anayefanya kazi ni paka.

"Ulikwenda kwa Meneja," nikamwambia, hata viatu sijavua.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Aligeuza ukurasa. "Nilikwenda kukusaidia."

"Kunisaidia nini?"

"Mke wangu, wewe hujioni. Juzi umeweka funguo kwenye jokofu."

"Na nikazikuta. Ni nani aliyekutuma kumwambia mtoto wa watu habari za kitanda chetu?"

"Ningemwambia nini sasa? Alitaka sababu."

"Sababu ya nini?"

Ndipo alipokunja gazeti. Mume wangu akikunja gazeti ujue kuna jambo limeshaamuliwa.

"Mama anatoka hospitali Ijumaa," akasema. Mama yake aliteleza bafuni akavunjika nyonga, hilo nalijua, nimempelekea uji mara ngapi sijui. "Hawezi kukaa peke yake. Anahitaji mtu wa kuwa naye nyumbani kwake, mchana na usiku. Tulikaa kikao."

"Nani na nani?"

"Mimi, kaka mkubwa, mdogo wetu, na wifi yako."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kazini."

"Yaani mmekaa kujadili niache kazi, na hamkuniita kwa sababu nilikuwa kazini."

"Usiyapindishe maneno."

"Sipindishi, nayanyoosha. Wewe umestaafu. Uko nyumbani kutwa, kazi yako kumbadilishia paka maji. Kwa nini usiende wewe?"

Alinitazama kama nimemtukania ukoo. "Mimi? Nimwogeshe mama yangu mzazi?"

"Wa kumwogesha tungemtafuta, akaja asubuhi akaondoka. Kupika uji, kumsomea gazeti, kumpa dawa, hayo yanakushinda?"

"Tumlete mtu wa nje wakati mke wangu yupo? Watu watasemaje?" Kisha akalegeza sauti, ile sauti yake ya kubembeleza, niliyoipenda tangu ujana wetu. "Sikiliza, bibie. Wewe umeshamaliza. Watoto wamekua, wamekwenda. Mwili wenyewe umekwambia pumzika. Unang'ang'ania nini?"

Umeshamaliza.

Nimeambiwa maneno mengi katika maisha, mengine na wakwe, mengine na wezi. Hakuna lililonikata kama hilo. Mtu niliyemfunga tai siku ya kuagwa kazini, nikakaa mstari wa mbele nikampigia makofi kuliko wote, ndiye anayeniambia nimeshamaliza. Niliumia, siwafichi. Nilimtazama nikaona mzee mmoja mwenye ndara, simjui.

Nilichukua mto wangu, nikaingia chumba kilichokuwa cha watoto, nikafungua madirisha yote mawili, nikalala. Mume wangu miaka yote hataki dirisha lifunguliwe, anasema upepo unamwingia mifupani. Usiku ule upepo uliniingia mimi, na nililala kama gogo.

Kesho yake nilimfuata wifi kwenye chumba cha kuoshea vikombe. Alikuwa amenipa mgongo, mikono ndani ya povu.

"Wifi, uligonga mara moja."

"Nilikosea," akasema bila kugeuka.

"Ukamwambia Meneja kwamba uliiona kasoro, ukaona haya kunikosoa."

Aliendelea kusugua kikombe.

"Na kwenye kikao ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

Hapo akaweka kikombe chini, akageuka. Wifi yangu ni mwanamke wa kujitengeneza, hata kazini huja na wanja. Siku ile hakuwa na wanja.

"Ulitaka niseme nini, wifi? Jina la kwanza kutajwa lilikuwa langu. Kaka mkubwa alisema, 'Huyu hana mume, hana mtoto, hana kinachomfunga.' Mimi huyo, nimekaa hapohapo mbele yake. Kinachonifunga ninacho. Nina kazi. Nina chumba changu nimekipanga mwenyewe, nina ufunguo wake, nikifunga hakuna anayeniuliza. Lakini kwao hicho si kitu. Nikaona kabisa, ni mimi au ni wewe."

"Ukanitaja mimi."

"Sikukutaja. Nilisema tu siku hizi huna afya. Wakamalizia wenyewe."

Mnaona ufundi huo. Kisu ameshika mwingine, yeye ameonyesha tu mahali penye mshipa.

"Na kijiko?" nikauliza. "Kijiko nacho walikugongea wao?"

Alitazama mlangoni. Akausukuma ukafungika, akaja karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Kijiko sikukifanya makusudi. Naapa. Niligonga nilichokionja."

"Ile chai iliungua, wifi. Hata mtoto angejua."

"Mimi sikujua. Sikuonja kitu. Sionji kitu, wifi. Naamka ulimi unaungua, mdomo wote una ladha ya chuma. Silali. Nina jasho kama lako, ila mimi nabadilisha nguo chooni, nawahi kabla hamjaniona."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu."

"Na mwaka mzima unanigongea?"

"Mwanzoni nilikuwa naonja. Baadaye nikawa natazama rangi, nanusa mvuke, nabahatisha. Tukawa tunapatia. Nikasema labda Mungu anatuhurumia."

Nitawaambia ukweli, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya kreti. Kipofu nimemshika mkono kipofu mwenzangu nikijua anaona, na kiwanda kizima kikatufuata nyuma kwa foleni, na Meneja na wanunuzi.

Wifi hakucheka. Alipiga magoti mbele yangu na mikono yake yenye povu. "Usiniseme. Nikikosa kazi hii nitarudishwa kwa mama, na nikirudi pale sitoki tena. Wewe una mume wa kukusemea."

"Huyohuyo aliyenisemea kwa Meneja?"

Alitaka nimwahidi, na mimi sikuahidi. Sikumtisha pia. Nilisimama nikafuta povu kwenye aproni yangu, nikatoka.

Kuanguka ningemsamehe, kila mtu huanguka. Kilichonichoma ni kwamba hakuna mtu chini ya jua aliyejua ninachopitia kama yeye. Usiku ninaokesha mimi, naye anakesha. Jasho langu ndilo jasho lake. Akajua yote hayo, na bado akawapa mgongo wangu waupige.

Kwa siku zilizofuata nililala kwenye chumba cha watoto, madirisha wazi. Mume wangu alinuna, akanunua samaki wa paka tu. Ijumaa asubuhi niliamka, nikanywa maji, na maji yalikuwa na ladha ya maji.

Nilibaki nimekaa kitandani na bilauri yangu, naogopa kusogea isije ikakimbia. Nikaonja tena. Ipo. Nikala kipande cha limau, nikafumba macho machozi yakanitoka, na sikujua kama ni ya uchachu au ya furaha.

Meza ya kuonjea ilikuwa imeshapangwa nilipofika. Meneja alimimina chai vikombeni mwenyewe. Wifi alikuwa amekaa kwenye stuli yangu, na wanja leo alikuwa amepaka mwingi.

"Anza, mama," akasema Meneja.

Kikombe cha kwanza nilikivuta kwa mlio, kama ninavyokivuta siku zote, na chai ikanijaa mdomoni kama ndugu aliyerudi safari. "Imekolea," nikasema. "Daraja la kwanza."

Wifi akaonja. "Daraja la kwanza."

Cha pili kilikuwa chepesi, majani yamechumwa yamezeeka. "Daraja la pili."

"Daraja la pili," akasema wifi, haraka kidogo.

Meneja akafurahi, maana ni kijana mwenye moyo mzuri. "Mnakubaliana. Sasa kwa haki, cha tatu atangulie yeye."

Wifi alikikazia macho kile kikombe. Rangi ilikuwa nzuri, nyekundu inayong'aa. Alinusa mvuke, akavuta, akatema. "Safi," akasema. "Daraja la kwanza."

Nikavuta mimi. Uvundo. Chai iliyolowa ikakaa kwenye gunia ikavunda, na rangi haikuonyesha lolote. Ulinijaa mpaka puani.

Niliweka kijiko chini nikafikiri. Nikisema uvundo, kwa masharti niliyoyakubali mwenyewe nimekosea, kwa sababu jibu sahihi ni la wifi. Nikisema safi, nimeshinda, kiti ni changu, wifi anabaki na kazi yake na chumba chake na ufunguo wake, na wale wanaume wa kikao watafute mtu mwingine. Gharama yake ni uongo mmoja, nao ungekuwa wa kwanza kutoka kwenye ulimi wangu ukiwa mzima.

Nilimtazama wifi. Chini ya wanja macho yalikuwa mekundu. Na Mungu ni shahidi yangu, nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nafungua mdomo niseme safi.

Yeye akadhani nafungua mdomo kumsema.

"Meneja, kabla hajajibu," akasema, akasimama. "Huyu haonji. Mwaka mzima haonji. Nilikuwa namgongea kijiko: mara moja safi, mara mbili kasoro. Alinilazimisha. Ni mkubwa wangu, ndiye aliyenileta hapa, ningekataaje? Leo kabahatisha tu."

Nje, getini, gari lilipiga honi. Niliijua honi ile, ni ya gari la mume wangu.

"Ni kweli, mama?" akauliza Meneja. Upole wote ulikuwa umemtoka.

Ningeweza kukana. "Ni kweli," nikasema. "Isipokuwa hilo la kumlazimisha. Lakini kijiko ni kweli."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi imekwisha."

"Haijaisha. Huyu ndiye unayempa kiti changu, sivyo? Vipange upya vikombe hivi vitatu, mwenyewe. Vilevile, bila kuongeza wala kupunguza. Mfunge macho, aonje tena. Mwenye ulimi mzima hawezi kusema mawili kwa chai moja."

Nilitoa leso yangu mfukoni, ile ya kufutia jasho, nikaiweka juu ya meza mbele ya wifi.

"Wifi," akasema. Neno hilo tu.

Mwaka mzima nimekuwa nikiitika neno hilo. Safari hii sikuitika. Meneja alinionyesha mlango nisubiri nje, nami nikatoka, na moyo wangu haukuwa na raha hata ya kuazima.

Mume wangu alikuwa ameegesha karibu na kibanda cha mlinzi. Alishuka akitabasamu, shati limepigwa pasi, sijui na nani.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado."

"Haya, usijali. Nimekufungia nguo chache, mkoba uko nyuma. Tunakwenda moja kwa moja kwa mama, tusipitie nyumbani."

Bila shaka dada yake alimpa habari za kipimo, na hakusubiri hata nishindwe. Alikuwa amefungua kabati langu, akachagua nguo zangu, akafunga zipu. Akaenda kibandani kumwomba mlinzi maji ya kunywa, anapiga mluzi.

Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma, amewekewa mto ubavuni, amekonda. Alishusha kioo, akanipa mkono. Nikaushika. Bibi huyu na mimi tumegombana miaka, tukapatana miaka, na sasa tulikuwa tumefika mahali pa kunyamaziana vizuri.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikataa, ujue. Niliwaambia simtoi mtu kwenye kazi yake, na mimi nilifanya kazi, najua. Nikawaambia heri nife na nyonga yangu. Ndipo mume wako akaniambia umeomba wewe mwenyewe. Akasema ulipiga magoti ukalia, unataka uje unitunze. Nikalia na mimi. Nikasema, kumbe ananipenda hivi." Alinibana vidole. "Ni kweli uliomba?"

Nyuma yake, mlangoni mwa kibanda, mume wangu alikuwa ameshika chupa ya maji, ameacha mluzi. Aliniangalia na kunitikisia kichwa taratibu: sema ndiyo.

Mlango wa chumba cha kuonjea ukafunguliwa nyuma yangu. Sikugeuka. Nilisikia viatu vya wifi kwenye changarawe, na kwikwi, ile ya mtu aliyejizuia mpaka akashindwa.

Mama mkwe alichungulia kupita bega langu, mkono wangu bado ameushika.

"Na huyo binti yangu," akauliza, "mmemfanya nini?"